Nyumba ya Vitanda Sita

Naviundu, Lubumbashi
Jumatano, baada ya mvua

Kwa yaya wangu mpenzi, dada yangu mkubwa Amida, huko Lukafu,

Asalaam aleikum, wewe na wote wanaolala chini ya bati lako. Naomba Mungu barua hii ikukute umesimama, maana mara ya mwisho tulipozungumza uliniambia mgongo unakusumbua tangu mlipomaliza kuvuna. Je, ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilikufaa, au uliigawia majirani kama kawaida yako? Shemeji Zakari naye hajambo? Duka linakwenda, na barabara inapitika? Sisi huku tu wazima. Baba watoto, Kasimu, alipata malaria juma lililopita, lakini ameshaamka na ameanza kulalamika kwamba mboga haina chumvi, kwa hiyo najua amepona. Watoto wanasoma. Mto ulipanda hadi kwenye ngazi ya kibanda changu cha kuchapa, ukashuka bila kuchukua kitu ila kiti kimoja cha plastiki.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Najua mtandao huko unapatikana mbele ya duka la shemeji tu. Sauti yangu ikifika ataisikia shemeji, na kila aliyekuja kununua sabuni ataisikia pia. Haya ninayokuandikia ni ya macho yako kwanza. Dereva wa lori la mahindi atakukabidhi mkononi, na nimemwambia asimpe mtu mwingine hata akisema ni mume wako.

Yaya, nina hasira. Nimekuwa na hasira majuma matatu sasa, na sijui tena ni ya nani. Unajua kwamba mimi ndiye katibu wa chama chetu, na kila karatasi inayokwenda kwa wafadhili hupita kwenye mashine yangu. Sasa wale waliojenga Nyumba ya Kungojea huko kwenu, ile ya vitanda sita ambamo akina mama wanaotoka mbali wangesubiri siku yao ya kujifungua, wanataka kujenga nyingine tano za namna ileile. Fomu ya kuomba fedha ina kurasa thelathini na moja. Thelathini na moja, yaya! Wanauliza hadi umbali wa kisima kwa mita. Ishirini na tisa nimezijaza, zingine mara mbili, kwa sababu umeme ulikatika kabla sijahifadhi. Mbili za mwisho zimenishinda. Ya kwanza inauliza tutajuaje kwamba mradi umefaulu. Ya pili inauliza nini kitabaki siku ambayo mfadhili atafunga mkoba wake na kuondoka. Hiyo wanaiita pérennité, na mwenyekiti wetu Mardochée hulitamka neno hilo kama mtu anayeonja asali.

Nilimfuata Mardochée nikamwomba tuketi tufikiri pamoja. Hakuketi. Alisema nichukue majibu ya fomu ya zamani niyabandike kwenye mpya, kwamba jamii itayachukua mambo mikononi mwake baada ya miaka mitatu. Nikamuuliza huyo jamii ni nani, na namba yake ya simu ni ngapi, maana miaka yote hii sijawahi kukutana naye. Akacheka sana, akaniambia wafadhili huipenda sentensi hiyo: "Andika tu, mama Djamila, babailleurs banapendaka ile phrase." Kisha akanikumbusha kwamba mwisho ni Ijumaa saa sita mchana, akapanda gari lake. Nilibaki pale barabarani na tope la magurudumu yake kwenye kitenge changu.

Basi nikajaribu ukurasa wa tathmini, nikidhani huo ni mwepesi, kwa sababu tathmini tayari tunayo. Mwaka jana mfadhili alimtuma Madame Michelle aje kuikagua nyumba yenu, na ripoti yake inang'aa kuliko sahani ya Idi. Ameandika kwamba alikuta vitanda sita na wanawake sita. Ameandika kwamba kila aliyeulizwa alishukuru. Ameandika pia kwamba mradi unaweza kurudiwa mahali pengine bila kubadilisha chochote. Maneno hayo ya mwisho ameyapigia mstari.

Na hapo ndipo ninapokukasirikia wewe pia, nisamehe. Ulinisimulia siku ile kwenye simu hadi ukakosa pumzi kwa kucheka. Mliposikia kwamba mgeni yuko njiani, wewe na wanawake unaowaongoza mlizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wenye mimba, mkapata wanne tu, basi mkawaongeza wengine wawili. Mmoja wao ana mjukuu darasa la nne! Mlimfunga vitenge tumboni mkamlaza kitanda cha dirishani, na Madame Michelle alipomuuliza yuko mwezi wa ngapi, akajibu kwamba amechoka, aachwe alale. Mimi pia nilicheka, sikatai. Ukaniambia huo haukuwa uongo, ilikuwa heshima. Mtu aliyekupa kitenge akija kukutembelea, unakivaa, hata kama kinakubana kwapani. Huwezi kumwonyesha mgeni kwamba zawadi yake iko sandukuni. Kwa hiyo kila alipouliza kama nyumba inawafaa, mlimjibu merci, iko muzuri, Mungu abariki. Naye akayaandika yote kama alivyoyasikia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Sasa ile heshima yenu italeta nyumba tano zaidi.

Wewe na mimi tunajua kwamba nyumba ile ni tupu. Nilipokuja kwako mwaka juzi nilichungulia dirishani nikaona vyandarua havijafunguliwa mikunjo. Kuna ndoo na mashuka, na saa ya ukutani inayosema saa tatu siku nzima. Mahali pa kuwasha moto hapana. Na huko kwenu mwanamke aliyefika miezi ya mwisho hali chakula kilichopikwa kwenye moto ambao hajui nani ameuwasha. Mama yake ndiye huuwasha, au mama mkwe, mtu anayejulikana kwamba nyumba yake imetulia na hajatoka kwenye kitanda kisicho chake, kwa sababu wanasema ubaya wa aliyewasha hupita kwenye chungu ukamfikia mtoto. Mradi ulimweka mpishi mmoja kutoka Likasi awapikie wote ugali, ile bukari yetu, kwenye jiko moja la makaa la kubebeka. Sahani zilirudi zimejaa. Miezi sita baadaye mshahara wake ukakoma, akafunga mizigo yake, na tangu hapo hata hizo sahani hazipo.

Halafu kuna Kunda. Sihitaji kukueleza wewe, uliyemwosha mtoto yule. Lakini nataka kuandika, ili nisiseme kwamba nilisahau. Alikuja na mumewe kwa baiskeli, siku moja nzima njiani, kwa sababu mtoto wa kwanza alimpata kwa shida. Alilala kwenye ile nyumba siku mbili bila kula. Ulimpelekea uji wa nyumbani kwako mwenyewe akaukataa kwa adabu, akasema, "Miye siwezi kukula ya moto yenye sijue, mama, unisamehe." Siku ya tatu njaa ikamshinda, akaomba arudishwe kwa mama yake, na uchungu ukamshika katikati ya njia. Yeye Mungu alimwachia uhai. Mtoto alimchukua. Ulinipigia siku ile unalia, ukasema waliokataa kutujengea jiko watajibu mbele ya Mungu. Nami nikaitikia amina.

Juma lililopita mfadhili alituita ofisini kwake hapa mjini, Mardochée na mimi. Madame Michelle ameshapata kazi kwingine, na mahali pake yupo mtu wa makamo, mwenyeji wa Kasai, anaitwa Franck. Huyo hakutukaribisha hata chai. Mbele yake alikuwa na nakala ya daftari la uzazi la mwaka jana, ameweka alama kwa kalamu nyekundu. Aliuliza, bila kupandisha sauti, kama vitanda sita vinajaa siku zote, kwa nini wanawake wa vijiji vya mbali wameendelea kuzalia nyumbani na njiani kama kabla ya nyumba kujengwa. Mardochée alijibu kwa haraka kwamba ni suala la mentalité, la fikra za watu, kwamba watu wa mashambani wanahitaji kuelimishwa, tena tungeweza kuongeza semina kwenye bajeti. Nilitamani kumfunika mdomo kwa viganja vyangu.

Franck hakuandika lolote. Alinigeukia mimi, akaniuliza wanawake wenyewe waliomba nini mwanzoni, kabla sisi hatujawaandikia. Alitaka kuiona karatasi yao ya maombi. Nikamwambia ilipotea mwaka ule mto ulipoingia kibandani. Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema pole.

Karatasi haikupotea. Iko kwenye kabati langu, chini ya vyeti vya watoto, ndani ya mfuko wa plastiki. Ni ile uliyoniletea mwenyewe miaka minne iliyopita, umekaa juu ya magunia ya mahindi kutoka Lukafu, na vidole gumba ishirini na vitatu vya wino wa buluu chini yake. Kitu cha kwanza walichoomba humo ni jiko. Vitanda viko kwenye mstari wa tatu.

Nakuandikia sasa neno ambalo nilipaswa kukuambia siku nyingi. Mfadhili hakukataa jiko. Hakuliona kamwe. Mimi ndiye niliyelifuta.

Sikiliza nikueleze, si ili unihurumie. Siku ile nayo ilikuwa ya mwisho, kama itakavyokuwa Ijumaa. Ukurasa wa mwisho uliuliza kwa kila kitu tunachoomba, nani atakitunza mradi ukiisha. Kwa vitanda niliandika kituo cha afya. Kwa bati na kuta niliandika kamati ya kijiji. Nikafika kwenye jiko nikakwama. Nani ataleta kuni? Nani atamlipa mpishi? Nilikupigia simu ikawa haipiti. Ningeweza kungoja hadi kesho yake, ningeweza kumwomba Mardochée asogeze siku. Sikufanya hivyo. Nikaona kwamba nikiondoa jiko, na swali linaondoka nalo. Nilibonyeza kitufe, mstari ukatoweka, na ukurasa ukawa safi kabisa. Nilifurahi, yaya. Nilikunywa soda.

Na kuna jambo la chini zaidi, nalo ni aibu tu. Mimi, niliyesoma kwa masista, niliyezoea kusahihisha Kifaransa cha Mardochée, ningeandikaje kwamba moto una mwenyewe? Nilijiambia watatucheka, kwamba watasema Waafrika hawa wanaomba majiko ya uchawi. Niliwaonea haya wanawake wako. Niliona haya kwa niaba yao kabla mtu yeyote hajacheka. Kisha nikakuambia wewe kwamba wazungu wamekataa, kwa sababu hilo mtu huliamini bila kuuliza. Ukawaambia wanawake, nao wakalibeba hivyo hadi leo. Ile amina niliyoitikia siku ya mtoto wa Kunda nilijua inakwenda kwa nani.

Jana nilitoa karatasi kabatini. Sitakudanganya tena: nilitaka kuichoma. Franck ameshaambiwa imepotea, nikasema basi na ipotee kweli. Nilikuwa nimeshashika kiberiti nilipoigeuza, na nyuma yake kukawa na maandishi. Miaka minne, na sikuwahi kuigeuza! Ni mwandiko wa mwalimu Aimé, ule wa herufi zilizolala, ameandika kama wanawake walivyomtamkia. Nakunakilia yote kama yalivyo:

"Tunaomba mafiga ya moto sita na mabati ya kufunika juu, mvua isizime. Mupishi hatuombe. Kila mama atakuya na mama yake ao mama mukwe, njo atawasha moto yake na kupika bukari yake. Kuni tutaleta sisi benyewe, unga vilevile. Moto ya mama ikizimika, mwengine atawasha yake. Hivi hatutasumbua muntu."

Nilikaa chini pale sakafuni. Lile swali lililonitisha, walikuwa wamelijibu kabla mtu hajawauliza, kwa mistari mitano, bila mshahara wa yeyote na bila semina. Vitanda vinangoja shuka mpya, bati litangoja misumari, na mpishi aliondoka baada ya miezi sita. Katika mradi ule wote kitu kimoja tu kingeendelea bila sisi, miaka na miaka, nacho ni hicho nilichokifuta. Nililia mpaka Kasimu akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia. Alinichukulia kiberiti mkononi akakiweka mfukoni mwake.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mardochée na kumweleza yote. Alipiga meza. Aliniuliza kama nataka kuua mradi wa nyumba tano kwa sababu ya mafiga, kama ninajua ni watu wangapi wanaotegemea kazi hiyo hapa chamani. Kisha akapoa, akaniomba kwa upole nibandike tu ya zamani, mambo ya moto tutayaangalia awamu ya tatu. Nilipokataa, alisema nikimpelekea Franck karatasi ile nisirudi tena ofisini, atamtafuta katibu mwingine. Labda ana haki ya kukasirika. Inawezekana Franck akisikia kwamba ripoti ya vitanda vilivyojaa ilikuwa ya heshima, na kwamba katibu alifuta jiko kisha akamdanganya kuhusu karatasi, atafunga faili na vile vijiji vitano havitapata hata ukuta. Nimelifikiria hilo hadi kichwa kikauma. Lakini nyumba tano zisizo na moto ni akina Kunda wangapi, yaya?

Kwa hiyo Ijumaa nitampelekea Franck karatasi, pande zote mbili, na nitamwambia ni nani aliyeficha. Ukurasa wa pérennité nimeujaza kwa maneno ya wanawake wako, nimeyatafsiri kwa Kifaransa bila kuyapamba. Na kwenye ukurasa wa tathmini nimeandika kwamba vitanda wasivihesabu tena. Nimeomba mtu wao apite siku ambayo hakuna aliyeambiwa, aende moja kwa moja uani, ahesabu meko yenye majivu ya moto wa siku hiyo. Majivu hayawezi kulazwa kwa heshima ya mgeni. Hapo utanicheka, najua, lakini mimi ninakuomba kwa dhati: akija mtu kuuliza kama kitu kinawafaa, na hakiwafai, mwambieni. Hatakufa.

Ninaomba jambo moja. Usiwasomee wanawake barua hii. Jumapili nitapanda lori lilelile nije, na nataka walisikie kutoka kwangu, wote ishirini na watatu kama wanaweza kukusanyika, nami nikiwa mbele yao. Usiniandalie chakula, wala usinitetee wakianza kusema. Kama wewe mwenyewe hutaki kuniona, mwambie dereva siku atakapokuletea barua hii, atanipa habari, lakini nitakuja vilevile na nitalala kwingine. Haki ya kunifungia mlango unayo, sitanung'unika. Uliwaongoza wale wanawake kwa neno langu, na neno langu lilikuwa la uongo.

Mpe shemeji Zakari salamu za Kasimu, na zangu kama utaona inafaa. Wabusu watoto wote, hasa yule mdogo anayeniita mama wa mashine. Mwalimu Aimé mwambie namshukuru kwa mwandiko wake, ataelewa Jumapili. Jirani zangu wa hapa Naviundu wanakusalimu, na wanauliza lini utawaletea tena karanga. Mungu akulinde, akupe nafuu ya mgongo, na akupe subira ya kunisikiliza.

Kwa Kunda usinipelekee salamu. Nitakwenda mwenyewe hadi kwa mama yake, nimwambie Kunda wa kwanza kabla ya wote, na ndipo nitamsalimu, kama atanipa mkono.

Mdogo wako,
Djamila